POMBE NA UJAUZITO: ANACHOKUNYWA MAMA NA MTOTO ANAKUNYWA

Leo naleta mada ambayo huku kwetu inachukuliwa poa sana: mama mjamzito kunywa pombe. Nimesikia mengi huko Makanyagio, Majengo na Kashaulili. Oo, komoni ni uji tu. Oo, wanzuki ni asali. Oo, bia nyeusi inaongeza damu. Nimeona niyaweke sehemu moja, ili ukitaka kumwelewesha dada au shemeji uwe na cha kumwambia.

INAKUWAJE?
Pombe ikishaingia kwenye damu ya mama inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ini la mama limekomaa, linaweza kuisaga. La mtoto bado changa, kwa hiyo sumu inakaa naye muda mrefu zaidi. Miezi mitatu ya kwanza ndipo uso, moyo na viungo vingine vinaumbwa, na ubongo unajengwa miezi yote tisa. Kwa hiyo hakuna mwezi wa kusema "sasa ruksa", na hakuna kipimo kinachojulikana kuwa ni salama.

MADHARA YAKE
Mimba inaweza kuharibika, mtoto kufia tumboni, kuzaliwa njiti au kuzaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Anayepona anaweza kubaki na tatizo la maisha ambalo madaktari wanaliita kwa kifupi FASD. Dk. Paul Lemoine wa Ufaransa aliliandika mwaka 1968, kisha Kenneth Jones na David Smith wa Marekani mwaka 1973. Barani kwetu limeonekana sana Afrika Kusini, kwenye mashamba ya mizabibu ya Western Cape, ambako zamani vibarua walilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo.

Wachache wana alama usoni: macho madogo, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji chini ya pua umesawazika. Wengi usoni wako kawaida kabisa. Tatizo linajitokeza shuleni: mtoto hatulii, anasahau alichofundishwa jana, hesabu hazipandi. Anachapwa kila siku eti mtundu na mzembe, kumbe ubongo uliumia kabla hajazaliwa. Hakuna dawa ya kuliondoa, ila akigundulika mapema na kufundishwa kwa uvumilivu anasaidika.

POMBE ZETU SASA
Bia ya ml 500 yenye asilimia 5 ina ml 25 za kilevi halisi. Robo lita ya gongo yenye asilimia 30 ina ml 75, yaani sawa na bia tatu! Na gongo hakuna anayeipima. Komoni, kangara na wanzuki zinaendelea kuchacha, hivyo ya asubuhi siyo ya jioni. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, lakini pombe kali za chupa bado zipo.

Na hiyo bia nyeusi haiongezi damu. Damu inaongezwa na vidonge vya fefo vinavyotolewa kliniki, pamoja na dagaa, maharage, mboga za majani na nyama ukiipata.

KWA NINI SISI HASA?
Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa Katavi wasichana 45 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Mimba ya binti mara nyingi inagundulika imeshakua, na huenda wikiendi kadhaa alishakunywa bila kujua. Halafu kuna mama zetu wanaopika pombe. Ndiyo ada na daftari za watoto, siwezi kuwabeza, lakini kupika ni pamoja na kuonja.

UFANYE NINI?
1. Siku zimepitiliza? Acha pombe kwanza, kisha pima.
2. Ulikunywa kabla hujajua? Usikate tamaa. Kuacha leo kunamsaidia mtoto, hata kama mimba ni ya miezi saba.
3. Anza kliniki kabla ya wiki 12 na mwambie nesi ukweli.
4. Mpika pombe mjamzito amwachie mtu mwingine kazi ya kuonja.
5. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Anaweza kutetemeka hata kupata degedege. Aende hospitali aachishwe kwa uangalizi.
6. Washikaji, hii inatuhusu. Bia nyingi anazokunywa binti tunanunua sisi. Mwenzako ana mimba? Mnunulie soda, na wewe punguza ili asione anatengwa.

Tusiwatukane kina mama. Ukimtukana atajificha, na kliniki hataenda.

Mwenye nyongeza au swali atupie hapo chini. Nawasilisha.