Megabiti au megabaiti? Kubadili vizio vya kasi ya data

Maana

Kasi ya uhamishaji wa data ni kiasi cha data kinachopita katika njia ya mawasiliano kwa muda maalumu, aghalabu sekunde moja. Hupimwa kwa biti au kwa baiti. Majina haya mawili yanakaribiana mno kwa sauti na kwa maandishi, ilhali thamani zao zinatofautiana mara nane. Mfasiri anayeandika *megabaiti* mahali pa *megabiti* humwahidi msomaji huduma yenye kasi mara nane ya ile inayouzwa.

biti (nomino, ngeli ya I-/ZI-). Kizio kidogo kabisa cha taarifa, chenye mojawapo ya thamani mbili: 0 au 1. Neno hili lilionekana mwaka 1948 katika makala ya Claude Shannon kuhusu nadharia ya mawasiliano. Yeye mwenyewe alimtaja John Tukey kuwa ndiye aliyelipendekeza. Alama yake katika vifupisho ni *b* ndogo. Lisichanganywe na *biti* la mwambao lenye maana ya binti.

baiti (nomino, ngeli ya I-/ZI-). Kundi la biti nane. Jina lilibuniwa mwaka 1956 na Werner Buchholz wa IBM. Hapo awali idadi ya biti katika baiti ilitofautiana baina ya mashine na mashine. Siku hizi nane ndiyo kanuni. Alama yake ni *B* kubwa.

Chanzo cha mkanganyiko

Mtumiaji wa simu hununua bando kwa MB au GB, yaani kwa baiti. Matumizi haya yamezoeleka kiasi kwamba MB imekuwa jina la bando lenyewe: *MB zangu zimeisha*. Kasi ya mtandao, kinyume chake, hutangazwa kwa biti: Mb/s, au Mbps. Programu ya kupakua nayo mara nyingi huonyesha kasi kwa MB/s. Mtu yule yule, kwa siku moja, hukutana na vizio vyote viwili, na tofauti pekee aionayo ni ukubwa wa herufi moja.

Kanuni za kubadili

1. Kutoka biti kwenda baiti, gawanya kwa 8.
2. Kutoka baiti kwenda biti, zidisha kwa 8.
3. Kupanda kiambishi kimoja (kilo, mega, giga, tera), gawanya kwa 1,000. Kushuka, zidisha kwa 1,000.

Kwa hiyo:

- kilobiti 64 kwa sekunde (64 kb/s) = kilobaiti 8 kwa sekunde
- megabiti 1 kwa sekunde (1 Mb/s) = kilobaiti 125 kwa sekunde
- megabiti 100 kwa sekunde (100 Mb/s) = megabaiti 12.5 kwa sekunde
- megabiti 480 kwa sekunde (480 Mb/s, kasi ya juu ya USB 2.0) = megabaiti 60 kwa sekunde
- gigabiti 1 kwa sekunde (1 Gb/s) = megabaiti 125 kwa sekunde

Mfano wa kwanza. Faili ina megabaiti 700, na kasi ya mtandao ni megabiti 20 kwa sekunde. Itapakuliwa kwa muda gani? Kwanza vizio vilinganishwe: 20 ÷ 8 = 2.5, yaani megabaiti 2.5 kwa sekunde. Kisha 700 ÷ 2.5 = 280. Jibu ni sekunde 280, au dakika 4 na sekunde 40. Anayesahau kugawanya kwa 8 hupata sekunde 35, kisha hulaumu mtandao kwa kosa la hesabu yake. Hata hivyo, dakika hizo 4 na sekunde 40 ni muda mfupi kabisa unaowezekana: sehemu ya kasi hutumiwa na taarifa za kuelekeza data, na njia huenda inatumiwa na watu wengi kwa pamoja.

Mfano wa pili. Mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM, ulioanza kutumika mwaka 2009 na kuunganisha miji kama Mombasa na Dar es Salaam, ulisanifiwa kubeba terabiti 1.28 kwa sekunde. Kiasi hicho ni gigabiti 1,280. Ukigawanya kwa 8, unapata gigabaiti 160 kwa sekunde.

Elfu moja au 1,024?

Katika kasi ya mawasiliano, *kilo* ni 1,000. Katika kumbukumbu ya kompyuta, hata hivyo, kwa muda mrefu *kilobaiti* ilitumiwa pia kwa baiti 1,024. Ili kuondoa utata huo, Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme (IEC) iliidhinisha viambishi vipya mwishoni mwa mwaka 1998: *kibi* (Ki), *mebi* (Mi) na *gibi* (Gi). Mebibaiti moja ni baiti 1,048,576, ilhali megabaiti moja ni baiti 1,000,000. Tofauti hukua kadiri kiambishi kinavyopanda: takriban asilimia 2.4 kwa kibi, 4.9 kwa mebi na 7.4 kwa gibi. Matini ikiandika MiB, tafsiri iandike *mebibaiti*, isirekebishwe kuwa *megabaiti*.

Tanbihi za matumizi

- *Mpangilio.* Jina la kizio hutangulia tarakimu: *megabiti 20 kwa sekunde*, si *20 megabiti*. Umbo la wingi halibadiliki: *biti moja inapita, biti nane zinapita*.
- *Sekunde na nukta.* Ingawa *nukta* limewahi kutumika kwa maana ya sekunde, liepukwe hapa, kwa kuwa ndilo linalosomwa katika desimali: *mbili nukta tano*.
- *Herufi kubwa na ndogo.* *M* kubwa ni mega. *M* ndogo ni mili, yaani sehemu moja ya elfu. Kwa hiyo *mb/s* si sahihi, ingawa huonekana mara nyingi katika matangazo. Ukikutana nayo, amua kwa muktadha kabla ya kuandika jina kamili.
- *Matini za Kifaransa.* Wafasiri wa Kongo na Burundi watakutana na *Mo/s*. Herufi *o* husimamia okteti, ambayo ni biti nane. Hivyo *Mo/s* ni megabaiti kwa sekunde. Waangalie pia mkato wa desimali: *2,5* ya Kifaransa ni *2.5* katika maandishi mengi ya Kiswahili ya Kenya na Tanzania.
- *Baudi.* Baudi huhesabu mabadiliko ya ishara kwa sekunde, si biti. Ishara moja yaweza kubeba biti zaidi ya moja: modemu za kiwango cha V.22 zilifanya kazi kwa baudi 600 na kupitisha biti 1,200 kwa sekunde. *Baudi* na *biti kwa sekunde* si visawe.

Mahali ambapo kosa laweza kuleta hasara, kama vile katika mkataba au zabuni, jina la kizio liandikwe kwa ukamilifu angalau mara ya kwanza, likifuatwa na ufupisho: *megabiti 50 kwa sekunde (50 Mb/s)*. Herufi moja hupotea kwa urahisi wakati wa kunakili. Neno zima halipotei hivyo.