Nani Apange Madirisha ya Kompyuta?

Mtu aketipo mbele ya kompyuta, akafungua barua hapa, hesabu pale, na picha nyuma ya hizo zote, aghalabu hudhani kuwa ndivyo mashine ilivyoumbwa; walakini namna ya kuyapanga madirisha hayo juu ya kioo ilizusha ikhtilafu kubwa baina ya mafundi, na hata leo haijesha.

Chimbuko lake ni maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, California, ambako kompyuta iitwayo Alto ilianza kazi mwaka 1973, na ambako Alan Kay na wenzake walibuni madirisha yanayolaliana kama makaratasi yaliyotandazwa mezani. Ajabu ni kwamba Xerox hiyo hiyo, ilipoiingiza sokoni kompyuta yake ya Star mwaka 1981, iliamua madirisha yapangwe ubavu kwa ubavu pasi na kufunikana, maana katika majaribio watu walionekana wakipoteza muda mwingi kuyasogeza. Microsoft nayo ilishika njia hiyo katika Windows ya kwanza ya mwaka 1985, kisha ikaiacha mwaka 1987.

Huko Apple, Bill Atkinson, aliyeizuru maabara ile mwaka 1979, aliondoka akiamini kuwa ameona dirisha la nyuma likijichora lenyewe huku sehemu yake imefunikwa. Hakika hakuwa ameona kitu hicho, kwani hakikuwapo. Lakini kwa kuwa aliamini chawezekana, alikaa akakitafuta hata akakipata: kompyuta ikokotoe umbo la sehemu iliyobaki wazi, hata kama imepindapinda kwenye pembe, na kuchora hiyo tu. Ni kwa hikima hiyo Macintosh ya mwaka 1984, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu, iliweza kulaza madirisha moja juu ya jingine bila kuhifadhi nakala ya kilichofichika, na kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa kazi bora kabisa za ufundi huu.

Mwaka huo huo wa 1984, katika chuo cha MIT, Robert Scheifler na Jim Gettys walianzisha mfumo wa X, ambao ulitoa zana za kuchorea tu na kuiachia programu nyingine utaratibu wa madirisha, programu ambayo kila mtu angeweza kujichagulia. Katika hiari hiyo ndipo ilipozaliwa KDE, programu ya kupanga madirisha na uso mzima wa kompyuta, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Tübingen, Ujerumani; na mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena, wa Mexico, wakaanzisha GNOME, mshindani wake, kwa sababu leseni ya zana iliyoibeba KDE haikuwa huru wakati huo.

GNOME 3 ilipotoka Aprili 2011, bila kitufe cha kushushia dirisha na bila mpangilio ambao watu walikwisha kuuzoea, malalamiko yalikuwa makubwa, hata Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mfumo endeshi ambao programu hizi hutumika juu yake, akahamia mpangilio mwingine uitwao Xfce kwa kitambo, na wengine wakauhuisha mpangilio wa kale kwa jina la MATE. Nao wapenda madirisha ya ubavu kwa ubavu walikuwa wamekwisha kujitengenezea programu zao, dwm mwaka 2006 na xmonad mwaka 2007.

Nionavyo, waliolalamika walikuwa na haki, kwa maana mazoea ya mkono wa mtu kazini ni mali yake, wala fundi hana idhini ya kuyafuta bila kumwachia njia ya kurudi. Nawe msomaji, ukiwa na Linux, sakinisha mipangilio miwili au mitatu, uijaribu, kisha uchague uutakao kila uingiapo.