Bawabu wa Betri

Kila linapotangazwa gari jipya la umeme, mazungumzo huwa juu ya betri: ukubwa wake, bei yake na umbali litakaokwenda gari. Wiki hii napenda tuangalie chombo ambacho aghalabu hakitajwi, nacho ni chaja iliyomo ndani ya gari. Historia inaonyesha kwamba chombo hicho ndicho huamua gari lifungwe kwenye waya kwa saa ngapi.

Chanzo cha tatizo ni hiki. Umeme unaoingia majumbani ni mkondo geu, unaokwenda na kurudi mara 50 au 60 kila sekunde. Betri haiupokei umeme wa namna hiyo. Inataka mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu. Hapana budi pawepo bawabu wa kuugeuza.

Mwaka 1902 Mmarekani Peter Cooper Hewitt alivumbua bawabu huyo: chupa ya kioo yenye zebaki, iliyopitisha umeme upande mmoja huku ikitoa mwanga wa buluu. Kwa uvumbuzi huo, wenye magari kama Detroit Electric, yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1907, waliweza kuchaji nyumbani. Hata Clara Ford, mke wa Henry Ford, mfalme wa magari ya petroli, aliendesha Detroit Electric. Lakini mtambo ule ulibaki ukutani, na gari halikuweza kwenda nao. Cadillac ilipoleta starta ya umeme mwaka 1912, magari ya petroli yakaanza kuondokana na kero ya kuzungushwa hendeli kwa mkono, na yale ya umeme yakazidi kuachwa nyuma.

Karibu miaka mia moja ikapita. Nissan ilipoanza kuuza Leaf Desemba 2010, bawabu alikuwa ameshapanda garini. Hata hivyo, alikuwa na nguvu ndogo, kilowati 3.3 tu, wakati betri ilikuwa ya kilowati-saa 24. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya saa 7, na ukijumlisha umeme unaopotea njiani unakaribia saa 8. Wala kufunga kifaa kikubwa zaidi ukutani kusingesaidia, maana kazi ya kifaa hicho ni kufikisha umeme tu. Anayeugeuza ni chaja ya garini.

Dawa ilikuwa kubadili chaja yenyewe. Katika Leaf za mwaka 2013, Nissan ilileta chaja ya kilowati 6.6, na muda ukashuka hadi kama saa 4, bila betri kuongezwa ukubwa. Tesla nayo, katika Model S ya mwaka 2012, iliweka chaja ya kilowati 10 na kumruhusu mteja kulipia ya pili, zikawa 20.

Habari hizi zinatuhusu. Leaf zilizotumika Japani zimeshafika Afrika Mashariki, na mnunuzi huuliza kwanza hali ya betri. Ni swali zuri, lakini aulize pia chaja ni ya kilowati ngapi. Kisha atazame ukuta wa nyumba yake. Soketi zetu za kawaida ni za ampea 13. Kwa volti 230, hiyo ni kama kilowati 3 tu. Chaja ya 6.6 hutaka karibu ampea 29, yaani waya mnene wa peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme, fyuzi yake, na waya wa ardhini uliopimwa na fundi anayejua kazi.

Kwa maoni yangu, asiye na uwezo wa kugharimia waya huo asiharakie chaja kubwa. Gari linalolala nyumbani saa 8 kila usiku linatoshwa na ile ndogo. Mwenye kulitumia kwa teksi mchana na usiku ndiye mwenye sababu ya kulipia zaidi, naye aanze na ukuta kabla ya gari.