Mashoka ya Mawe na Gesi ya Andromeda
OLORGESAILIE, KAUNTI YA KAJIADO

Mashoka ya mawe unayoyaona hapa yalichongwa na watu wa kale, kati ya miaka 1,200,000 na 490,000 iliyopita. Ukilala kambini mwezi Novemba, mnamo saa tatu usiku tazama kaskazini: kidoa hafifu kama ukungu ni galaksi ya Andromeda. Mwanga wake ulitoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita, kabla shoka lolote kati ya haya halijachongwa. Ukiwa katika mji wa Kitengela usijisumbue kukitafuta. Taa ni nyingi mno.

Kidoa hicho kimezungukwa na gesi isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2020, wanaastronomia walitangaza kuwa wameipima kwa darubini ya Hubble, wakitumia mwanga wa kwaza 43, yaani viini angavu vya galaksi zilizo mbali nyuma yake. Mwanga ukipita kwenye gesi, baadhi ya rangi zake hufyonzwa. Gesi imeenea miaka-nuru milioni 1.3, takriban nusu ya njia ya kutufikia.

Gesi hii ndiyo ghala la galaksi. Gesi ikipoa huanguka ndani, nyota zikazaliwa. Nyota kubwa zikilipuka huirusha nje tena, ikiwa na kaboni na oksijeni. Galaksi isiyopata gesi mpya huacha kuzaa nyota.

Kenya imo katika habari hii. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, ilionyesha kwa eksirei kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii.