Jeni ya APOE, ripoti za mate na wazee wa Kabati

Leo tuweke programu kando. Kuna swali linanijia mara kwa mara kutoka kwa watu wa Ukambani walio ng'ambo: wamepima DNA kwa mate, ripoti inasema wana APOE ε4, je, ndiyo wameandikiwa ugonjwa wa kusahau? Na mzee aliyebaki Kabati, ambaye huenda ndiye aliyewarithisha jeni hiyo, naye je?

Tuanzie 1993. Mwaka huo kikundi cha Allen Roses pale Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilihusisha jeni ya APOE, iliyo kwenye kromosomu ya 19, na ugonjwa wa Alzheimer wa uzeeni. Jeni hii ina sura tatu kuu: ε2, ε3 na ε4. Kwa mtu wa kompyuta inapendeza, kwa sababu tofauti yote iko kwenye herufi mbili, rs429358 na rs7412. Ukikuta C na C, hiyo ni ε4. T na C ni ε3. T na T ni ε2. Mistari michache ya Python inatosha. (Kujua maana yake ndiyo shughuli.)

Mwaka 1997 Lindsay Farrer na wenzake walijumlisha tafiti nyingi. Ukilinganisha na mtu mwenye ε3 mbili, mwenye ε4 mbili uwezekano wake wa kuugua ulipanda karibu mara 15 kwa Wazungu, mara 33 kwa Wajapani, na kama mara 6 tu kwa Wamarekani Weusi. Jeni ni ile ile, majibu tofauti kabisa!

Mwaka huo huo J. Sayi, N. B. Patel, R. N. Kalaria na wenzao walichapisha matokeo ya wazee wa Afrika Mashariki. ε4 ilikuwa tele, lakini hawakuona ikienda pamoja na ugonjwa. Ibadan, Nigeria, B. O. Osuntokun na wenzake walikuwa wameona jambo kama hilo mwaka 1995. Kisha mwaka 2001 Hugh Hendrie na timu yake walilinganisha Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani Weusi wa Indianapolis: kila mwaka Alzheimer iliwapata wazee 1.15 kwa kila 100 Ibadan, na 2.52 Indianapolis.

Msikimbilie kusema Mwafrika ana kinga. Mwaka 2014 utafiti ule ule wa Ibadan, ukiwa na watu wengi zaidi, ulionyesha kwamba ε4 mbili zinaongeza hatari hata kwa Wayoruba. Ni ε4 moja ambayo haikuonyesha madhara ya wazi.

Kwa nini iwe hivyo? Mwaka 2018 Farid Rajabli na wenzake walichunguza watu wa Puerto Rico na Wamarekani Weusi, ambao DNA yao ni mchanganyiko. Kilichohesabika hakikuwa rangi ya mtu bali asili ya kipande kinachoizunguka APOE. Kipande kikitoka Afrika, ε4 inapungua makali. Waandika kodi mtanielewa: fankshoni moja, mazingira mawili.

Sasa turudi Kabati. Hifadhidata ya 1000 Genomes, iliyokamilishwa 2015, ina watu 2,504 na unaweza kuipakua bure. Wakenya wake ni Waluhya 99 wa Webuye. Hakuna sampuli ya Wakamba. Kwa hiyo namba kwenye ripoti ya mate imetokana zaidi na Wazungu, halafu anasomewa Mkamba. Mimi programu ya namna hiyo nisingeipitisha bila onyo kubwa jekundu.

Jirani zetu Makueni, watafiti wa mradi wa STRiDE, ulioanza 2018, waliwasikiliza wagonjwa na wanaowatunza. Wengine walidhani ni uzee tu, wengine wakataja uchawi. Mzee wa namna hiyo hapelekwi kliniki, na presha yake, ambayo dawa zake zipo, haipimwi. Presha ni mojawapo ya mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo tume ya jarida la Lancet iliyataja mwaka 2024. Kwa pamoja yanahusishwa na karibu 45% ya wagonjwa wa kusahau duniani. Kuipima hakuhitaji sampuli ya Webuye wala ya Ibadan.