Nyumba ya Mtu Mmoja

Kwenye makaratasi ya kambi, nyumba ya bibi yangu iliandikwa mtu mmoja. Mimi nakumbuka vikombe sita.

Kambi ya Gihembe, juu ya mlima karibu na mji wa Byumba, ilifunguliwa mwishoni mwa 1997 kwa Wakongo waliookoka mashambulizi ya Mudende, ya Agosti na ya Desemba mwaka huo. Nyogokuru, ndivyo tunavyomwita, alikuwa mmoja wao. Alipata nyumba ya udongo yenye paa la shitingi. Kule Masisi alikuwa na ng'ombe, na kwake mjukuu akifika lazima anywe maziwa.

Wazazi wangu walishuka Kigali kutafuta kazi, nikakulia Gikondo. Likizo ikifika, sisi watoto tunapandishwa basi pale Nyabugogo. Tukifika tunakuta sakafu imesiribwa upya, mkeka umetandikwa, ukuta umepakwa udongo mweupe, lakini chini tu, mpaka urefu wa mtoto. Eti kule juu nani ataangalia? Na kila mmoja ana kikombe chake cha plastiki, kimefungwa uzi wa rangi yake ili tusigombane. (Tuligombana tu.)

Maziwa aliyatoa wapi? Mgao ulikuwa mahindi, maharage, mafuta, chumvi, tena wa mtu mmoja. Aliuza mahindi kwa bei ya kutupa, sisi tukiondoka anabaki kuhesabu siku. Hatukujua. Tulikunywa, tukaomba tena. Mwaka 2014 WFP ilianza kuwapa watu wa Gihembe pesa kwa simu badala ya chakula. Wengine walizungumza habari za soko. Kwa Nyogokuru maana yake ilikuwa maziwa bila kuuza mahindi.

Machi 2021 mgao ukakatwa kwa asilimia 60. Mwaka huohuo Gihembe ikafungwa, sababu makorongo yalikuwa yanakula mlima, na watu wakahamishiwa Mahama. Nyogokuru akasema Mahama ni mbali na watoto. Akaja kwetu Gikondo na gunia moja. Vikombe vilikuwa ndani.

Sasa wanaokuja ni watoto wa dada yangu, kila Jumapili. Nusu lita ya duka la maziwa pale kona inagawanywa vikombe vitatu. Mwenye nyumba hataki tupake ukuta, basi Nyogokuru amebandika karatasi nyeupe za kalenda ya zamani. Chini tu, mpaka urefu wa mtoto.