Mtaimbo, Taa na Kengele: Taarikhi ya Ulinzi wa Umeme Maabarani

Alessandro Volta, mwalimu wa chuo cha Pavia katika Italia, alipouandika waraka wake wa tarehe 20 Machi 1800 kuwaarifu wanazuoni wa Royal Society ya London habari za nguzo aliyoipanga kwa sahani za fedha na zinki, hakuacha kueleza kwamba alijitia vijiti viwili vya metali masikioni, akaviunganisha na nguzo ile, na mara akapatwa na mshtuko kichwani uliofuatwa na mchachato, mfano wa kitu kizito kinachochemka chunguni. Jaribio hilo hakutaka kulikariri kwa kuuhofia ubongo wake. Siku hizo mwili wa mtafiti mwenyewe ndio uliokuwa shahidi, mizani na kengele.

Kwa muda wa miaka sitini hivi udhaifu wa betri ulikuwa aghalabu himaya tosha, maana seli za majimaji zilikuwa na ukinzani mwingi ndani yake, hata nyaya zake zikigusana hazikumwaga mkondo wa kuleta maangamizi. Lakini mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi, inayokwisha na kujazwa tena, ambayo ukinzani wake ni mdogo mno hata yaweza kuufanya waya wa shaba uwe mwekundu kama kaa la moto. Betri ya namna hiyo, na dainamo zilizoifuata, zililazimisha kuwapo kitu kinyonge kilichowekwa njiani makusudi ili kife kabla ya vingine, nacho ni fyuzi, ambayo Thomas Edison alipewa hataza ya namna yake huko Marekani mwaka 1880. Namwomba msomaji azingatie kwamba fyuzi hiyo iliwekwa kwa ajili ya waya na nyumba. Ama kile kifaa kilicholetwa mezani kupimwa, ambacho kwa hakika ni mgeni wa chombo kinachokilisha umeme, hakikuwekewa mlinzi.

Enzi ya valvu mgeni huyo alikuwa mstahimilivu, kwani valvu ikizidiwa bamba lake huanza kuwa jekundu, na fundi mwenye macho hupata nafasi ya kuzima. Transista, iliyozaliwa katika maabara za Bell mwezi wa Desemba 1947, haikuwa na subira hiyo: fyuzi huhitaji muda ili iyeyuke, na transista huweza kufa katika sehemu ndogo mno ya muda huo, kiasi kwamba asubuhi fundi hukuta fyuzi salama na kifaa maiti. Ndiyo sababu pawasaplai za maabara, kama mafundi wanavyoviita vyombo vya kulishia umeme, zikapewa akili ya kuushikilia mkondo usipite kiwango alichokichagua mtumiaji, na taa usoni pake ya kumjulisha kama chombo sasa kinatunza volti au kinatunza mkondo. Taa hiyo ndogo ni kengele ya kimya, na kwa rai yangu hakuna hadhari nyingine mezani yenye manufaa makubwa kuliko yake.

Likabaki shari moja. Transista kubwa inayopitisha umeme ndani ya chombo, ikiharibika, mara nyingi hubaki imefunguka kabisa, na volti zote ghafi zikamiminika kwa mgeni. Saketi za mantiki za aina ya TTL, zilizoenea katika miaka ya 1960, hutumia volti 5, na watengenezaji wake walionya zisipewe zaidi ya 7. Dawa iliyopatikana ilitokana na thairista, iliyotolewa na General Electric mwaka 1957: huunganishwa baina ya nyaya mbili za kutolea umeme, ikalala, na volti zikipanda kupita mpaka huamka kwa kufumba na kufumbua, ikaziunganisha nyaya hizo na kuziangusha volti karibu na sifuri, mgeni akanusurika. Mafundi wa Kiingereza huiita kwa jina la mtaimbo, kwa kufananisha na mtu anayeangusha mtaimbo wa chuma juu ya pau mbili za shaba. Naliona jina hilo limesadifu kuliko mengi ya fani hii. Mtaimbo huo huokoa pia pale waya wa kupimia volti kwenye kifaa unapokatika, chombo kikadhani volti zimepungua nacho kikazidi kuzipandisha.

Baadaye walinzi wakazidi: mwaka 1969 rekebisha-volti ya LM109 iliwekewa ndani ya chembe yake ya silikoni ulinzi wa kujizima ikipata joto kupita kiasi, na mwaka 1975 kanuni ya IEEE 488 ikaziwezesha pawasaplai kuiita kompyuta zinapopatwa na dhiki.

Je, mlinzi asipokuwa na masikio makali? Tarehe 19 Septemba 2008, katika mtambo mkuu wa maabara ya CERN karibu na Geneva, mkondo wa ampea 8,700 ulikuwa ukipita katika mlolongo wa sumaku zilizogandishwa kwa heliamu, kiungo kimoja kibovu kikaanza kupata ukinzani. Mlinzi wa pau zilizounganisha sumaku hizo alikuwa amewekwa aamke kwa volti 1, na volti hiyo ilipotimia, chini ya nusu ya sekunde tangu dalili ya kwanza, kiungo kilikuwa kimekwisha kuharibika. Cheche zikalitoboa jumba la heliamu, tani zipatazo 6 zikapotea, na sumaku 53 zikalazimu kutolewa chini ya ardhi zikatengenezwe au kubadilishwa. Hakuna aliyeumia. Mtambo uliwashwa tena Novemba 2009, na mlinzi mpya wa viungo vile akawekwa aamke kwa milivolti 0.3.